Ukuta wa Kaskazini wa Calatamara

11 Novemba, siku ya Mtakatifu Martino

Nimefika Calatamara nimelowa chepechepe. Nyumbu aliteleza kwenye kijito. Niliokoa kikombe cha misa na kitabu, nguo zikaenda na maji. Ngome niliiona tangu mbali: mnara mmoja mpana, mweusi, umejengwa kwa mawe yaliyotapikwa na mlima wetu wa moto, pembe zake tu zikiwa za mawe meupe. Madirisha machache, yote juu. Huku chini ni ukuta mtupu.

Mlango wenyewe hauko chini. Unapanda ngazi ya mawe iliyobanwa ubavuni mwa mnara, mkono mmoja ukuta, mkono wa pili hakuna kitu, mpaka unafika ghorofa ya kwanza ukihema. Hapo ndipo unamkuta Nikiforo, Mgriki mzee mwenye funguo.

"Padri mpya?" akaniuliza. "Karibu. Yule wa zamani aliingia kwa miguu yake, akatoka kwa mabega yetu."

"Mlango ni huu tu?"

"Huu huu. Hata panya wa nyumba hii wananiaga."

Bibi Altruda, mjane, mama wa bwana wa ngome, alinipokea mwenyewe. Ni mwanamke mrefu, mkavu, hana maneno mengi. Alinipa viatu vya marehemu mumewe, kisha akanionyesha kikanisa kilichochimbwa kwenye pembe ya ukumbi, ndani ya unene wa ukuta.

"Hicho kitambaa cha kushoto kwa altare usikiondoe," akasema. "Kuna upepo."

Nimemwogopa, sijui kwa nini. Viatu vinanitosha.

12 Novemba

Nyumba hii naanza kuielewa. Chini ni ghala lisilo na mlango wala dirisha. Ngano, divai na birika la maji viko gizani, na huko unashuka kwa ngazi ya mbao kupitia tundu la sakafu. Katikati ni ukumbi, umegawanywa na matao. Mimi nalala nyuma ya tao la mwisho pamoja na magunia ya njugu. Juu ni vyumba vya familia. Ngazi ya kwenda juu haionekani, maana inapanda ndani ya ukuta wenyewe. Kuta ni nene kiasi kwamba katika kila dirisha kuna kijichumba ambamo watu wawili hukaa wakacheza sataranji wasimzuie mtu kupita.

Mvua.

14 Novemba

Mvua. Maharage.

19 Novemba, Jumapili

Naandika hili nikiwa nimetulia, nisije nikasema baadaye kwamba nilikuwa na homa.

Kwenye misa walikuwapo Bibi Altruda, wajakazi wawili, na Nikiforo aliyekuwa akisinzia. Nikageuka nikasema, "Bwana awe nanyi." Nikiforo huwa anajibu kwa niaba ya wote, akichelewa. Leo kabla hajafumbua macho, sauti ya mwanamume ilijibu kushoto kwangu, polepole na kwa Kilatini safi: "Na awe rohoni mwako."

Kushoto kwangu hakuna mtu. Ni ukuta wa kaskazini.

Niliwatazama. Wajakazi walikuwa wameinama. Bibi Altruda alikuwa akinitazama mimi, si ukuta.

20 Novemba

Imejibu tena.

21 Novemba

Tena. Nimeanza kusoma haraka.

25 Novemba, Mtakatifu Katerina

Bwana Rainaldo amerudi kutoka kwa wakwe zake watarajiwa. Ni kijana mnene wa mabega, anacheka kabla hujamaliza kuongea. Ataoa baada ya Pasaka: binti wa bwana wa Montalbo, jina lake Mabilia. Chakula cha jioni kilikuwa furaha tupu mpaka alipogusia ujenzi.

"Mabilia amezoea nyumba yenye vyumba, Mama. Huku kwetu watu wanalala kama magunia. Ule ukuta wa kaskazini unakula nusu ya nyumba. Nitamleta fundi auchimbe, tupate chumba kizuri chenye dirisha."

"Huo ndio unaoishikilia nyumba," mama yake akasema.

"Zimebaki kuta tatu!"

"Nimesema hapana."

Rainaldo akacheka, lakini nilimwona jinsi alivyoutupia ukuta jicho, kama mtu anayemtazama mbwa ambaye hajui kama anauma.

3 Desemba, Jumapili ya kwanza ya Majilio

Nimekiondoa kitambaa.

Nyuma yake kuna tundu, upana wa kiganja, limekatwa kwa mshazari ili mtu aliye upande wa pili aone altare. Nimeona matundu ya namna hiyo penginepo: mgonjwa hulala chumbani kwake akafuata misa. Ila vyumba vyote vya nyumba hii viko juu au kusini. Upande wa kaskazini ni jiwe, na baada ya jiwe ni nje.

Niliweka shavu penye tundu. Bibi Altruda alisema kuna upepo; hewa niliyoikuta ilikuwa ya vuguvugu. Ilinukia vitunguu, kile kile kitoweo tulichokula mchana.

Nimekirudisha kitambaa. Nimenawa mikono mara mbili, utadhani nimegusa maiti.

9 Desemba

Mvua. Mlima umefunikwa na wingu, lakini tunausikia ukinguruma, kama tumbo la mtu anayejizuia.

25 Desemba, Noeli

Misa tatu, na zote tatu zimejibiwa.

Bwana Rainaldo ameleta mshumaa mnene kama mkono wake, uwake kwa ajili ya roho ya kaka yake. Nimejua sasa: alikuwapo mzaliwa wa kwanza, Guimondo. Miaka mitatu iliyopita alipata mabaka mwilini, watu wakasema ukoma, na kabla Kanisa halijamtenga akafariki. Ngome ikaja kwa Rainaldo.

Baada ya misa wenzake walipokwenda kunywa, alibaki.

"Padri, mtu akizikwa vizuri, anaweza kurudi?"

"Roho safi haina haja ya kurudi."

"Huyu anatembea." Hakucheka. "Nikiwa kitandani namsikia chini yangu, ndani ya jiwe. Hatua chache, anageuka. Hatua chache, anageuka. Nalala na taa kama mtoto mchanga. Ndiyo maana nataka kuuvunja ule ukuta. Unanielewa? Si kwa ajili ya Mabilia peke yake. Nataka nione kwamba ndani hamna kitu."

Nilimdhania ni mtu wa kelele tu. Nimembariki na nikamwonea huruma.

9 Januari

Theluji imeanguka mpaka huku chini. Asubuhi nilitoka kunyoosha miguu nikafika upande wa kaskazini. Ukuta wote ulikuwa umepakwa theluji iliyosukumwa na upepo, mweupe kutoka juu hadi chini, isipokuwa mahali pamoja. Juu kidogo ya usawa wa kikanisa palikuwa na doa jeusi, bichi, linalovuja maji. Theluji ilikuwa imeyeyuka hapo. Nikatazama kwa muda mrefu. Jiwe lilikuwa likifuka joto, kama ubavu wa ng'ombe.

Nikamwita Nikiforo. Alikuja, akatazama, akanishika mkono akanigeuza.

"Padri wangu, tazama miti. Miti inapendeza."

"Nikiforo, kuna nini mle?"

"Mimi ni mtu wa mlango. Anayeingia nampitisha mimi, anayetoka nampitisha mimi." Akapangusa pua. "Jeneza la Bwana Guimondo nililibeba mimi, upande wa mbele. Tuliposhuka ngazi liliinama. Maiti, Padri, huteleza. Ile iligongagonga."

21 Januari, Mtakatifu Agnesi

Nilisema, "Inueni mioyo."

Jibu, kila Mkristo analijua: tumeiinua kwa Bwana. Sauti haikusema hivyo. Ilisema neno moja tu: "Nifungulie."

Nilisahau nilipofika. Nyuma yangu shanga za sala za Bibi Altruda zilianguka sakafuni, moja baada ya nyingine. Uzi ulikuwa umekatika mkononi mwake. Sijui niliimalizaje misa.

Nilimfuata kwenye ngazi ya ukutani. Ni nyembamba, akageuka kwa shida.

"Umesikia upepo," akasema.

"Upepo haujui Kilatini, Bibi."

Alinitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena. "Padri wa zamani alikuwa na akili kuliko wewe," akasema, akapanda.

Sina pa kwenda. Barabara imefungwa na theluji, na mlango ni mmoja.

30 Januari

Ukuta uko kimya siku tisa. Kimya chake ni kibaya kuliko sauti.

6 Februari

Bibi Altruda ana homa ya mapafu. Aliniita baada ya chakula cha mchana, akamtoa mjakazi. Nilileta mafuta ya wagonjwa.

"Weka hayo," akasema kwa taabu. "Hili si ungamo. Kama ingekuwa ungamo ningekwambia uniombee. Hili nakwambia ubebe chakula. Jana hakula. Leo hajala. Siwezi kusimama."

"Nani hajala, Bibi?"

"Unamjua."

Nyuma ya pazia la sufu, karibu na kitanda chake, kuna kijimlango cha mwaloni. Komeo lake liko upande wa nje. Bibi huyu kwa miaka mitatu amelala kichwa chake kikiwa karibu na komeo. Nikalivuta. Ngazi inashuka ndani ya ukuta, imebana hivi kwamba nilishuka ubavu ubavu, bakuli la supu mkononi, mabega yakikwaruza pande zote mbili. Nilikuwa nikisali kwa sauti. Sioni aibu kuliandika.

Chini kuna chumba. Babu yao alikijenga cha kuficha wanawake na fedha wakati wa vita. Urefu wake ni wa vitanda viwili. Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote. Kuna shimo la choo linalomwaga nje, mkaa kwenye chungu, mwanya wa hewa usioingiza hata ngumi, na lile tundu la altare. Mwanamume alikuwa amekaa chini yake. Ndevu zimechanwa vizuri. Ngozi nyeupe kama mzizi uliofukuliwa.

"Wewe ndiye unayepiga chafya kabla ya Injili," akasema kwa sauti ya chini. "Karibu. Samahani, sina kiti."

Nikakaa.

Alikunywa supu bila pupa, kisha akaniuliza mama yake anaendeleaje. Nyuma yake ukuta ulikuwa umejaa michoro ya mkaa. Nikasogeza taa. Ilikuwa ni nyumba yote, ghorofa juu ya ghorofa: matao, ngazi, ghala, meza. Katika kila chumba palikuwa na njia zilizochorwa, nyingine nyembamba, nyingine zimekolezwa mpaka jiwe likang'aa.

"Nawasikia," akasema. "Jiwe linaleta kila kitu. Huyu ni Nikiforo, anaburuta mguu wa kulia. Huyu mama. Huyu wewe, unazunguka sana kabla ya kulala. Hapa analala Rainaldo. Na hapa," akaweka kidole penye alama nyeusi kuliko zote, "hapa ndipo anaposimama akiogopa. Anasimama juu ya kichwa changu hasa. Huwa nasimama na mimi, mpaka arudi kitandani."

Nilihudumu miaka minne katika nyumba ya wakoma karibu na Catania, naujua ugonjwa huo hata kwa harufu. Nikamwomba mikono. Nikatazama masikio, nyusi, vidole vya miguu. Hamna kitu. Nikachomoa pini ya joho langu nikamchoma pasipo kumwonya.

"Aa! Padri, vipi?"

Mkoma hasikii pini.

"Mabaka yaliondoka lini?" nikauliza.

"Kabla ya majira ya mvua ya kwanza kwisha. Mama aliyaona yakiondoka. Alilia kwa furaha, akanibusu huku na huku." Akaweka bakuli chini kwa uangalifu. "Kisha akapanda, akafunga mlango."

"Na wewe hukupiga kelele?"

"Nikipiga kelele atakuja Rainaldo. Sijui atakuja na nini mkononi."

Nilipanda. Bibi Altruda alikuwa macho, ananitazama. Nikalirudisha komeo mahali pake kwa mkono wangu huu, kwa sababu alinitazama.

10 Februari

Namlisha. Amenifundisha kutofautisha wajakazi kwa nyayo zao.

17 Februari

Bibi Altruda ameketi kitandani, anakula. Leo amenishukuru, na amesema hatahitaji tena nishuke.

"Si mkoma," nikamwambia.

"Najua."

"Una miaka unajua!"

"Una ndugu, Padri?"

"Ninaye mmoja."

"Mmewahi kugombea ardhi?"

"Hatukuwa na ardhi."

"Basi ndiyo maana mnapendana." Akafuta mdomo. "Baba yao alikuwa na kaka. Mume wangu alimuua ukumbini, chini ya tao unalolala wewe, wakiwa wanabishana nani mwenye ngome hii. Mimi nilikuwa nimeshika mtungi wa divai, mimba ya Guimondo tumboni. Nilisafisha mawe mwenyewe, maana wajakazi walikimbia. Padri, Guimondo nilimficha ili asipelekwe kwa wakoma; alipopona, Rainaldo alikuwa ameshapiga magoti mbele ya watu wa mfalme, ameshapewa ardhi, ameshalishwa kiapo. Ningemtoa, ningesema nini? Mmoja angemuua mwenzake. Huenda si siku ile. Siku moja, wamelewa. Nimezaa wanaume wawili na mpaka leo wote wawili wako hai. Mama gani mwingine katika nchi hii anayeweza kusema hivyo?"

Nilikuja Calatamara nikamwona kama jiwe. Leo nimeona ni mtu aliyesimama katikati ya milango miwili, anaisukuma yote kwa mikono, na hajapumzika miaka mitatu. Hilo halikunifariji. Limenitisha zaidi, kwa kuwa mtu mwovu huchoka, yeye hatachoka.

21 Februari, Jumatano ya Majivu

Nilipaka watu majivu. Nilipobaki peke yangu nikaingiza mkono kwenye tundu. Nikasikia paji la uso likija kulalia kidole changu chenye majivu.

12 Machi

Theluji imekwisha, mvua zinaendelea, na fundi amefika. Ni Bonfiglio, mtu wa Messina, mfupi, mcheshi. Bwana Rainaldo amemleta bila kumwambia mama yake. Alipita ukumbini akigonga ukuta wa kaskazini kwa mpini wa nyundo, sikio kwenye jiwe.

"Mzima... mzima... mzima..." Akasimama. "Hapa pana uwazi, Bwana."

Akagonga tena mara mbili.

Ukuta ukagonga mara mbili.

Bonfiglio alidondosha nyundo. Rainaldo alikuwa mweupe kama chokaa. Bibi Altruda, aliyekuwa juu ya ngazi, hakusogea.

"Ni mwangwi," nikasema.

"Mwangwi gani unangoja kwanza?" Bonfiglio akauliza.

"Vunja," Rainaldo akasema. "Leo hii."

Niliona mkono wake ulipokwenda: kwenye kisu cha mezani. Nadhani hata yeye hakujua ameushika mpini. Nikasema jambo la kwanza lililonijia, kwamba ni Kwaresima, na kwamba ukuta wa kikanisa hauvunjwi kabla ya Pasaka bila laana. Sijui kama ni kweli. Alinisikiliza. Ukuta utavunjwa Jumanne ya baada ya Pasaka.

13 Machi

"Kwa nini uligonga?" nilimuuliza kupitia tundu.

"Nilisahau kwamba mimi ni maiti," akasema.

24 Machi

Tunaongea kila siku kabla ya misa, mimi nikijifanya napanga altare. Leo nimemuuliza wazi: "Ukitoka, utadai ngome?"

Nikasikia akipiga hatua chache, akigeuka.

"Padri, mimi nataka nitembee bila kugeuka. Basi. Ninyooke tu mpaka nichoke, nilale hapo hapo, niamke niendelee."

"Apa."

Ameapa juu ya msalaba wa altare, vidole vyake vikiwa vimechomoza kwenye tundu.

1 Aprili, Jumapili ya Matawi

Nimejua njia. Alhamisi Kuu bwana wa nyumba huwaosha miguu maskini kumi na wawili ukumbini, na desturi ya hapa ni nyumba nzima ihudhurie. Chumba cha Bibi Altruda kitakuwa kitupu. Maskini huvaa majoho yenye kofia tunayowapa sisi. Nimealika kumi na mmoja.

Sijamwambia Nikiforo kitu. Wino umemwagika.

5 Aprili, Alhamisi Kuu

Imekwisha. Naandika yote.

Maskini walipanda ngazi mchana, mvua nyepesi ikinyesha. Niliwaketisha kwenye benchi chini ya matao, nikasema naenda juu kuleta joho lililopungua. Bibi Altruda alikuwa tayari amesimama ukumbini, taulo la kitani mkononi. Ni kazi ya mama wa nyumba kulishika. Alinitazama nikipita. Nilipanda ngazi ya ukutani nikitegemea kusikia nyayo zake nyuma yangu. Hazikuja. Nikavuta pazia, nikavuta komeo.

Guimondo alipofika chumbani kwa mama yake alisimama akashika ukuta. Dirisha lilikuwa wazi. Ilikuwa mchana wa mawingu, lakini alifunika macho kama aliyemwagiwa maji ya moto. Nikamvika joho, nikamfunika kofia mpaka puani, nikamshika kiwiko.

Tukashuka. Akaketi mwisho wa benchi, wa kumi na mbili. Bibi Altruda alimwona. Sijui alimtambua kwa kitu gani, kwa bega au kwa namna ya kukaa. Hakuweza kupiga kelele. Kelele yake ndiyo ingemuua Guimondo. Mwanawe mmoja alikuwa amepiga magoti na beseni, anasogea mguu kwa mguu kuelekea kwa mwingine, na yeye alipaswa kumfuata nyuma akimpa taulo. Akamfuata.

Rainaldo alikuwa akiwatania wazee. "Huu mguu au shoka, baba? Umelima nao?" Watu wakicheka. Miguu ya maskini wetu ni magome ya mti: nyufa, sugu, kucha nyeusi. Akafika mwisho. Akaushika mguu wa Guimondo, akauweka kwenye beseni, na akaanza kusema kitu cha kuchekesha, asikimalize.

Ulikuwa mweupe, laini, kama unga uliokandwa. Wayo haukuwa na hata sugu moja. Hakuna ombaomba chini ya jua mwenye mguu kama ule.

Rainaldo aliinua macho polepole. Yeye alikuwa chini, kofia ilikuwa juu. Katika watu wote wa ukumbini ndiye peke yake aliyeweza kuona ndani yake.

Mikono yake ilibaki imeushika ule mguu ndani ya maji. Kisu kilikuwa kiunoni mwake. Nilisikia mvua kwenye ngazi za nje.

Kisha akaendelea kuosha. Aliosha muda mrefu kuliko wengine wote, mguu huu, halafu ule, katikati ya vidole, kisiginoni. Akanyoosha mkono nyuma bila kutazama. Mama yake akampa taulo. Akakausha. Akainama akaubusu mguu, kama ibada inavyotaka, na uso wake ukakaa pale. Alipouinua ulikuwa umelowa, lakini alikuwa ameshika beseni, watu wangeweza kudhani ni maji.

"Mzee wangu huyu hana viatu," akasema kwa sauti ya ajabu. "Na ana safari." Akavua vya kwake, akamvalisha mwenyewe.

Waliondoka wakiwa na mkate na sarafu. Mimi nilisimama karibu na mlango. Nikiforo aliwapitisha mmoja mmoja, akiwagusa bega. Wa mwisho alipopita, mzee Nikiforo aligeuka akatazama mlima.

"Nikiforo," nikasema.

"Leo sijui kuhesabu, Padri wangu," akasema, machozi yakimtiririka kwenye ndevu. "Uzee."

Guimondo alishuka ngazi akishika ukuta. Chini akauachia. Alivuka uwanja, akapita lango la nje, akashika barabara ya magharibi. Alikwenda amenyooka.

6 Aprili, Ijumaa Kuu

Bwana Rainaldo alikuja kikanisani hana viatu.

"Alikuwa na joto," akasema. "Miguu ya mizimu haina joto. Nimemwogopa maiti, kumbe..." Baadaye akaniuliza, "Ningemuua, Padri? Ile siku ya nyundo?"

"Sijui."

"Na mimi sijui. Ndilo ninaloliogopa sasa."

8 Aprili, Pasaka

Misa ya shangwe. Hakuna aliyejibu kutoka kushoto, na mara tatu nimesubiri.

Bibi Altruda alipokea Ekaristi. Baadaye akanikuta juu ya paa la mnara, ambako tangu Alhamisi anatazama barabara ya magharibi.

"Amekwenda akageuka nyuma?"

"Hapana, Bibi."

Akaitikia kwa kichwa. "Mara ya kwanza nilizika mawe, sikulia. Hii ndiyo umenizikisha." Kisha akasema: "Wote wawili wako hai."

"Wako hai."

"Nimeshindwa kulala. Kichwa changu kimezoea upande ule."

10 Aprili

Bonfiglio ameuvunja ukuta. Mwanga uliingia na vumbi likasimama ndani yake. Rainaldo akaingia peke yake na taa. Alikaa sana. Nilipomfuata nilimkuta mbele ya michoro, kidole kwenye ile alama nyeusi kuliko zote.

"Hapa ni wapi?"

"Ni pale unaposimama ukiogopa. Alikuwa akisimama na wewe."

Akamkataza Bonfiglio kupaka chokaa upande huo. Jioni akabadili mawazo, akaupaka mwenyewe.

30 Aprili

Bibi arusi amefika juzi na mvua ya mwisho. Ni msichana mchangamfu, anauliza kila kitu. Leo alionyeshwa chumba kipya, cheupe, chenye dirisha la kutazama mashamba ya ngano. Akazunguka, akapiga makofi.

"Hiki kitafaa kiwe cha mtoto!"

Rainaldo aliangalia sakafu. Wakati huo huo Bonfiglio alikuwa akiingiza mlango mpya, wa mwaloni mzito, komeo la chuma limeshapigwa misumari.

"Huo peleka jikoni wakauchanje kuni," Bibi Altruda akasema.

"Mama! Mlango mpya!" Rainaldo akasema.

"Nimesema ukachanjwe. Na ule mdogo wa chumbani kwangu pia."

"Na baridi, Mama?" Mabilia akauliza.

"Baridi utamfunika blanketi, mwanangu."

Mpishi amelalamika mchana kutwa kwamba mwaloni ule mbichi unamtoa machozi. Mkate tuliokula jioni umeokwa kwa ile milango miwili. Ulikuwa umeungua pembeni. Bibi Altruda alikula kipande, akanyoosha mkono akachukua kingine.